Ukitaka kuupanda Kasigau, anzia jikoni

Msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ukishaupita mji wa Voi na kukaribia Maungu, hebu tupa macho upande wako wa kulia. Kule mbali nyikani utauona mlima uliosimama peke yake, umejitenga na ndugu zake wa Taita. Huo ndio Kasigau. Kilele chake kiko mita 1,641 juu ya usawa wa bahari, na nyika inayouzunguka iko kama mita 600. Kwa hivyo anayeanzia kijijini chini hana budi kupanda karibu kilomita moja nzima kwenda juu, kwa miguu yake mwenyewe.

Chini ya mlima huo kuna vijiji vitano: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Wenyeji wa huko, Wakasigau, wamezoea miinuko hiyo tangu utotoni. Lakini huenda wewe ni mtu wa mjini. Huenda kutwa unakaa darasani, ofisini au ndani ya matatu, na sasa wewe na rafiki zako mmeamua kwamba likizo ijayo mtaupanda Kasigau. Au pengine mlima haukuhusu, ila una mwana au binti aliyechaguliwa kuiwakilisha shule katika mbio au kandanda, na kila jioni anarudi nyumbani hoi, hata kitabu hakishikiki.

Watu wengi wakipatwa na hali hiyo hukimbilia kununua viatu vipya. Wengine huulizia poda na chupa za rangi rangi zinazouzwa mjini. Swali la kwanza, ambalo aghalabu husahaulika, ni hili: umekula nini, kiasi gani, na saa ngapi?

Jambo la kufurahisha ni kwamba jibu la swali hilo linamea pale pale chini ya mlima, na sokoni Kongowea, Marikiti na Wakulima pia halikosi.

Hesabu ya mlima

Tufanye hesabu kidogo, nawe usiogope. Chukua mtu mwenye uzito wa kilo 60. Kuuinua mwili huo mita 1,000 ni kazi, na kazi hutaka nguvu kama vile gari linavyotaka petroli. Misuli yetu hugeuza karibu robo tu ya nguvu ya chakula kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto, na ndiyo maana unatokwa na jasho. Ukijumlisha yote, mtu huyo hutumia kama kalori 600 kwa huko kupanda peke yake, kwa hesabu ya kalori zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Bado hajabeba mkoba, hajateremka, wala hatujahesabu zile kalori zipatazo 1,500 ambazo mwili wa mtu mzima hutumia kwa siku hata akilala tu kitandani.

Kalori 600 ni kiasi gani cha chakula? Ni karibu gramu 170 za unga mkavu wa mahindi. Pakiti moja ya kilo 2 ingewapandisha mlima watu wapatao 12. Si chakula cha ajabu, wala hakihitaji mfuko mnene. Lakini ni chakula ambacho lazima kiwe kimekwisha kuingia mwilini kabla safari haijaanza. Mtu anayeondoka na kikombe cha chai ya rangi na kipande kimoja cha mkate anaudai mwili wake deni ambalo hakuliwekea akiba.

Ghala mbili za mwilini

Chakula cha wanga, yaani ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi, chapati na kadhalika, tumboni hugeuka kuwa sukari. Sukari hiyo ikizidi mahitaji ya wakati huo, mwili huiweka akiba katika ghala mbili. Ghala kubwa ni misuli, ambayo kwa mtu mzima huweza kubeba kama gramu 400. Ghala dogo ni ini, ambalo hubeba kama gramu 100. Jumla yake ni kama kalori 2,000. Anayekimbia kwa kasi bila kupumzika huweza kuzimaliza ghala hizo kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili.

Ghala zikiisha mtu huishiwa ghafla. Miguu inakuwa mizito kama magogo, kichwa kinamzunguka na hasira zinamjia bila sababu. Si kwamba nguvu zote mwilini zimekwisha. Mafuta bado yapo, hata kwa mtu mwembamba. Shida ni kwamba mafuta ni kama gogo kubwa mekoni: huwaka kwa muda mrefu lakini polepole. Wanga ni vijiti vikavu. Ndivyo vinavyotoa mwali wa kupandia mlima au wa kumpitia mpinzani mita 200 za mwisho.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa wazazi wenye watoto wa shule. Usiku tukiwa tumelala, ubongo haulali. Unaendelea kula sukari kutoka lile ghala la ini, na kufikia asubuhi ghala hilo limepungua sana. Mwanafunzi anayekimbia alfajiri bila kutia kitu kinywani, kisha akaingia darasani bila kiamsha kinywa, hapati faida kamili ya mazoezi wala ya masomo. Si lazima ale mlo mzima kabla ya kukimbia. Ndizi mbivu moja au kikombe cha uji humtosha kwa mbio fupi za asubuhi, kisha akirudi ale vizuri.

Mabingwa hula nini?

Pengine unadhani mabingwa wetu wa mbio ndefu wana chakula cha siri. Mwaka 2004 watafiti, miongoni mwao Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Yannis Pitsiladis wa Glasgow, na Mike Boit, yule aliyetuletea medali ya shaba ya mita 800 kutoka Olimpiki za Munich mwaka 1972, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Walikuwa wamepima kila kitu kilicholiwa na wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu kambini kwa siku saba.

Siri iliyopatikana ilikuwa sufuria ya ugali. Kati ya kila kalori 100 walizokula wakimbiaji hao, 76 hivi zilitokana na wanga, 13 na mafuta na 10 na protini. Ugali peke yake ulitoa asilimia 23 ya nguvu zao zote. Sukari ilitoa asilimia 20, wali 14 na maziwa 13. Asilimia 86 ya nguvu hizo ilitoka kwa vyakula vya mimea. Nyama ilikuwepo, lakini ilikuwa kitoweo tu. Kwa kinywaji walitegemea maji, kama lita moja na kidogo kwa siku, na chai ya maziwa, kama lita moja na robo.

Kabla hujaukimbilia mkebe wa sukari, sikiliza kwanza. Wakimbiaji hao walikuwa wakifanya mazoezi makali kila siku, na sukari ile ilichomeka barabarani. Ukiwa mtu wa kukaa kitini kutwa, ukanywa chai yenye sukari kama yao, mwili wako hautakuwa na mahali pa kuichomea. Itageuka mafuta, na kwa miaka inayofuata huenda ikakuletea kisukari. Chakula cha mwanariadha huenda sambamba na kazi ya mwanariadha.

Isitoshe, si ugali pekee unaomfanya mtu bingwa. Kuna mazoezi ya miaka mingi, kuishi nyanda za juu, usingizi na kipaji. Hata hivyo uchunguzi ule ulituonyesha wazi kwamba chakula cha kawaida cha Mkenya kinaweza kubeba kazi kubwa kuliko tunavyofikiri.

Shamba la chini ya mlima

Sasa turudi Kasigau. Nchi ile ni kame, na wakulima wake wamejifunza kupanda vinavyovumilia. Hodari kuliko vyote ni pojo, ambazo Nairobi huitwa ndengu na Tanzania huitwa choroko. Mahindi hungojea mvua ya miezi mitatu au zaidi, lakini pojo hukomaa kwa muda wa miezi miwili hadi miwili na nusu. Mvua ikikatika mapema, mwenye mahindi hulia na mwenye pojo bado ana kitu cha kuteka sufuriani. Pamoja nazo kuna kunde, mbaazi, mtama, mihogo na viazi vitamu.

Kwa mwanamichezo, pojo ni hazina. Katika gramu 100 za pojo kavu kuna kama gramu 24 za protini, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni wanga. Kwa hiyo katika sahani moja unapata cha kuchoma na cha kujengea. Protini ndiyo fundi wa mwili: mazoezi huchanachana nyuzi za misuli kidogo kidogo, na protini huzishona upya zikawa imara zaidi. Anayefanya mazoezi ya kweli kweli anahitaji kama gramu 1.2 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwanafunzi wa kilo 50 atahitaji angalau gramu 60. Kikombe kimoja cha pojo zilizopikwa kina kama gramu 14, yai moja lina kama 6, na kikombe cha maziwa kina kama 8. Ugali na chapati nazo huongeza kidogo kidogo. Ukijumlisha milo ya siku nzima utaona kwamba kiasi hicho hufikiwa bila kuchinja mbuzi.

Lakini usile pojo peke yake, wala mahindi peke yake. Protini hujengwa kwa vipande vidogo vidogo kama tofali za nyumba, na mwili unataka kila aina ya tofali. Mahindi yana upungufu wa tofali iitwayo laisini. Pojo, kunde na maharagwe wanayo tele, lakini wana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukizila pamoja, kila mmoja anamfunikia mwenzake aibu. Wazee wetu hawakuzijua laisini wala methionini, lakini walipika mahindi na maharagwe chungu kimoja, chakula ambacho bara huitwa githeri.

Wataita nao wana kimanga. Huchemshwa pojo, kunde au maharagwe mpaka yalainike, yakatiwa mihogo, viazi vitamu au ndizi, kisha yakapondwa pamoja mpaka yashikane. Ukikipata kimanga cha jana kikiwa kimefungwa vizuri, utakila baridi mlimani bila kuhitaji moto. Kinajaza tumbo, hakimwagiki, na ndani yake mna wanga na protini pamoja. Ni vigumu kupata chakula cha safari kinachokishinda kwa bei yake.

Damu nzito, pumzi ndefu

Nguvu haziwaki bila hewa. Hewa safi hubebwa na damu, na damu hujengwa kwa madini ya chuma. Mtu akipungukiwa na madini hayo atahema upesi, atachoka bila sababu, na viganja na kope zake kwa ndani zitapauka. Kocha atasema ni mvivu, mwalimu atasema hana bidii, kumbe ni damu.

Wasichana ndio wanaoathirika zaidi, kwa kuwa kila mwezi hupoteza damu. Malaria na minyoo nazo huipunguza. Mzazi, ukiona dalili hizo kwa bintiyo, mpeleke zahanati apimwe damu. Usimnunulie vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha, maana madini ya chuma yakizidi ni sumu.

Jikoni unaweza kufanya mengi. Pojo, kunde, mchicha, mnavu na majani ya kunde yote yana madini ya chuma. Nyama, maini na dagaa wana aina ambayo mwili huipokea kwa urahisi zaidi, hivyo hata dagaa kiasi cha kiganja katika mboga ni msaada. Kuna rafiki na kuna adui. Rafiki ni vitamini C, ambayo huyafungulia mlango madini ya mimea. Kamulia ndimu juu ya pojo, au kula chungwa, embe au pera baada ya mlo. Na ubuyu usiudharau. Kwa uzito ule ule, unga wa ubuyu unalipita chungwa kwa vitamini C mara kadhaa, na mibuyu imejaa nyika hiyo hiyo ya Taita Taveta. Ila tumia ule unga wenyewe mweupe ukorogwe kwenye uji au maji, si mabuyu yaliyopakwa rangi na sukari yanayouzwa langoni mwa shule.

Adui ni chai. Chai ikinywewa pamoja na chakula hufunga madini ya chuma yasiingie mwilini. Hatukuambii uiache, kwani ni nani angekusikiliza? Inywe saa moja au mbili kabla ya mlo, au muda kama huo baada yake.

Anayekula kidogo kuliko kazi yake

Taita Taveta ina historia chungu ya watu waliofanya kazi nzito kwa chakula duni. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1915, mapigano yalifika hadi Kasigau kwenyewe, na Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta. Mizigo ya jeshi ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika wa kile kikosi ambacho jina lake limebaki hadi leo katika mitaa ya Kariakor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Makumi ya maelfu yao walikufa. Wengi hawakuuawa na risasi, bali na maradhi, na miongoni mwa yaliyowadhoofisha ni chakula kisichotosha na unga usiopikwa ukaiva, uliowaletea kuhara.

Siku hizi hakuna anayetulazimisha kubeba mizigo ya vita. Lakini wapo vijana wanaojifanyia jambo linalofanana na hilo kwa hiari yao. Msichana anaambiwa kwamba akikonda atakimbia zaidi, basi anapunguza chakula huku mazoezi yakiongezeka. Mwanzoni huenda akaona wepesi. Baada ya miezi kadhaa hedhi yake inakatika, anaumwa umwa kila mara, na mifupa inaanza kupasuka kwa mazoezi aliyokuwa akiyamudu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwaonya makocha kuhusu hali hiyo, na ikasema wazi kwamba wavulana nao hupatwa nayo.

Mzazi na kocha, lishikeni hili: hedhi ya mwanariadha ikikatika si dalili ya ukakamavu. Ni mwili unaozima taa za vyumba vingine ili kuokoa mafuta. Dawa ya kwanza ni kuongeza chakula na kupunguza mazoezi, na kumwona daktari bila kuchelewa.

Maji

Nyika ya Voi na Kasigau ina joto. Anayepanda mlima huko hutokwa na jasho jingi kuliko anayekimbia Limuru. Mwili ukipoteza maji yanayofikia asilimia 2 ya uzito wake, yaani kama kilo moja na robo kwa mtu wa kilo 60, uwezo wake huanza kushuka.

Njia rahisi ya kujua unahitaji kiasi gani ni kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Kama huna mizani, tazama mkojo. Ukiwa na rangi ya majani makavu hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai, kunywa. Kwa mlima, beba angalau lita mbili hadi tatu kwa kila mtu, na unywe kidogo kidogo. Usijilazimishe kunywa lita nyingi kwa mpigo, kwani maji matupu yakizidi huyeyusha chumvi ya damu, na hiyo nayo ni hatari.

Kwa safari ya saa nyingi, maji yenye sukari na chumvi kidogo hufaa. Kwa lita moja ya maji safi tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote viwe vimesawazishwa juu. Kamulia ndimu upate ladha. Hicho ni kinywaji cha wanamichezo kilichotengenezwa nyumbani.

Glukosi, poda na chupa

Nani asiyekumbuka pakiti ya glukosi siku ya michezo shuleni? Mtoto analamba kijiko, anajipangusa mdomo, anakwenda kwenye mstari akiamini ana injini mpya. Ukweli ni kwamba kijiko kimoja cha chakula cha glukosi kina kama kalori 50, na mbio za mita 100 au 800 haziwezi kumaliza ghala tulizozitaja. Glukosi haimdhuru, lakini kama hakula jana yake, kijiko hicho hakitamwokoa. Sukari ya njiani husaidia anayejitahidi kwa zaidi ya saa moja. Huyo anaweza kutumia gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu moja kubwa inampa kama 30.

Poda za protini ni suala jingine. Protini iliyomo kwenye mkebe haina uchawi uliokosekana kwenye pojo, mayai na maziwa. Tena kuna hatari. Baadhi ya bidhaa hizo zimewahi kupatikana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni ambazo hazikuandikwa kwenye mkebe. Sheria ya michezo ni kali: kinachopatikana mwilini mwako ni jukumu lako, hata ukiapa kwamba hukujua. Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016 baada ya kashfa nyingi kuipaka matope sifa ya wakimbiaji wetu, na shirika la ADAK likapewa kazi hiyo. Kijana anayetamani kufika mbali asianze kwa kumeza kitu asichokijua. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Siku yenyewe

Tuseme basi siku ya kupanda mlima, au ya mashindano, imefika. Fuata mpango huu.

Usiku wa kuamkia siku hiyo kula wanga wa kutosha: ugali, wali au viazi, pamoja na pojo au samaki na mboga. Usijaribu chakula kipya, na nyama ya mafuta mengi na viazi karai viache. Kisha lala mapema.

Asubuhi, kula saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Uji mzito wa wimbi au mtama wenye sukari na ndimu, pamoja na viazi vitamu au mkate wenye yai, utakubeba. Kama mbio ni za mchana, kula mlo kamili saa tatu au nne kabla, kisha ndizi saa moja kabla. Ukisikia tumbo zito, punguza maharagwe mlo huo, maana yana gesi.

Njiani kula kidogo kila baada ya dakika 45 hivi kabla njaa haijakuuma: ndizi, kipande cha kimanga, tende au karanga chache. Kupanda Kasigau huchukua saa kadhaa, na bado kuna kuteremka, ambako magoti yanataka nguvu zao. Chukua pia kiongozi wa kijijini. Yeye anaijua njia, na anajua mahali tembo walipopita.

Ukishamaliza, usikae na njaa hadi usiku. Katika saa ile ya kwanza au ya pili misuli ina hamu ya kujaza ghala. Githeri na maziwa lala, ugali na pojo, au chapati na maharagwe, vyote vinatosha. Kisha pumzika.

Neno kwa wazazi na walimu

Haya yote ni rahisi kuyasema sufuria ikiwa imejaa. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za maeneo kame ya Kenya. Katika vijiji vya mpakani mwa mbuga za Tsavo, hata kilichoota huweza kuliwa na tembo kwa usiku mmoja. Nyakati kama hizo mtoto anaweza kufika shuleni akiwa amekula mara moja tangu jana, na bado jina lake limo katika orodha ya wakimbiaji.

Mwalimu wa michezo, usione haya kuwauliza wanafunzi wako walichokula. Aliye na njaa mpunguzie mazoezi, wala usimwadhibu kwa kubaki nyuma. Wanaosimamia jiko la shule wakumbuke kwamba gunia la pojo ni kifaa cha michezo kama vile mpira ulivyo. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, na jinsi madarasa yalivyojaa siku ya maziwa. Mtoto hafundishiki wala hakimbii tumbo likilia.

Waswahili husema adui mwombee njaa, kwa kuwa walijua kwamba njaa humwangusha hata shujaa. Basi usimwombee njaa mwanao, wala usijiombee mwenyewe. Juma hili kabla hujaulizia bei ya viatu, nunua kilo mbili za pojo, ndimu chache na kichane cha ndizi. Jioni washa jiko. Kasigau imekuwa hapo miaka na miaka, nayo itakungoja mpaka ushibe.